Nguvu ya Kushusha

Siku mume wangu alipovunja meza ya watu, baba yangu alifurahi kuliko siku ya harusi yetu. Sisemi kwa uchungu. Nilikuwepo siku zote mbili, na macho ninayo.

Sisi ni watu wa kuhamisha. Ukitaka kutoka nyumba hii kwenda ile, ni sisi tunaokuja na lori, mablanketi ya kufungia vioo na mikanda ya kubebea. Baba aliianza kazi hii kabla sijazaliwa. Mimi naendesha lori na kupanga kazi, maana yake mimi ndiye bosi, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele ya Baba akabaki na hamu ya kula. Mjomba, kaka yake Mama, hushika upande wa juu tunapokuwa kwenye ngazi. Baba hushika upande wa chini. Huko chini ndiko uzito unakolala, na Baba hajawahi kumwachia mtu.

Mume wangu tunamwita Kifua. Ukimwona utajua sababu kabla hujafika usoni. Ni mkufunzi wa mazoezi kwenye jimu, ananyanyua vyuma kwa riziki yake na kwa raha zake, na hakuna shati lake ambalo sijalihamishia vifungo. Jimu yao ilipofungwa ili ipakwe rangi, alijitolea kuja kutusaidia.

"Nyinyi mnabeba kila siku," alisema, "na mimi nabeba kila siku. Tofauti iko wapi?"

Tofauti ilionekana asubuhi ya kwanza. Aliikamata meza ya kulia chakula peke yake, akavuta pumzi, akaipandisha hadi juu ya kichwa bila hata kutetemeka. Mjomba akapiga makofi. Mwenye meza akatoa simu ampige picha. Kifua akapiga ukelele mmoja wa ushindi, kisha akaiachia.

Ndiyo, akaiachia. Kule jimu ndivyo wanavyofanya. Ukishaipandisha nondo ikafika juu umemaliza, unaitupa kwenye mpira mzito uliotandikwa sakafuni, inadunda, wenzako wanakushangilia. Sakafu ya yule bwana haikuwa na mpira. Mguu mmoja wa meza ulikwenda kupumzika chini ya kochi, na picha ikatoka nzuri sana.

Nilimwona Baba anavyoitafuna furaha yake polepole, isimwishe mdomoni.

"Mkwe," alisema hatimaye, "hivyo vitu mnavyobeba huko kwenu, huwa vinafika?"

Tangu siku hiyo ilikuwa haipiti saa bila Baba kumkumbusha. Kifua akibeba mto wa kitandani, Baba anamwambia, "Taratibu mkwe, usije ukauvunja." Kifua akiweka kikombe mezani, Baba anashika moyo. Mjomba naye anacheka hadi machozi, kwa sababu Mjomba ni mtu wa kuchekea upande unaoshinda. Mume wangu alivumilia. Ana kifua kipana, kinahifadhi mengi.

Mimi nilicheka pia, lakini nusu. Nusu nyingine nilikuwa na jokofu kichwani.

Wiki chache kabla ya ile meza, tulikwenda kuchukua jokofu kwenye nyumba fulani, jokofu la kawaida tu. Baba aliinama, akalishika chini, akakaza. Jokofu halikuondoka. Akakaza tena. Halikuondoka. Akasimama, akalizunguka, akaligonga kwa kidole kama daktari.

"Limegandia sakafu," alisema. "Watu wa siku hizi hawafagii."

Mjomba akaitikia kwamba kweli, watu hawafagii. Mimi nikaitikia. Tukalisukuma pembeni kidogo, ili ionekane tunalibandua, halafu tukalinyanyua watu watatu. Njia nzima kurudi nilikanyaga mafuta nikijifanya naangalia barabara.

Ndipo hofu iliponiingia. Niliogopa kwamba siku moja kitu kizito kitamshinda katikati ya ngazi na kitamwangukia baba yangu. Na niliogopa vilevile kwamba nikimwambia apumzike nyumbani, atakwisha kwa kukosa cha kubeba. Aliwahi kushikwa na mafua akabaki nyumbani kutwa nzima. Mama aliporudi alikuta kabati la nguo liko sebuleni, kitanda kimetazama ukuta, na Baba amesimama jikoni anaipima friji kwa macho.

"Mwanangu," Mama aliniambia siku ile, "mimi niliolewa na mtu wa kurudi jioni. Huyu wa mchana simjui, na simtaki."

Basi nikala njama na mume wangu. Tulikuwa jikoni kwetu, yeye anakula mayai yake, na mimi nikamweleza habari ya jokofu. Nilimwambia jimu ikifunguliwa amkaribishe Baba, ampe nondo yenye uzito wa kiume, Baba ajaribu, ashindwe, ajionee mwenyewe. Kushindwa na chuma si aibu, chuma hakina mdomo. Baada ya hapo ningemwambia kwa upole akae nyumbani, na Mama ningemtafutia dawa ya kichwa.

"Unataka nimwaibishe baba yako?" Kifua aliuliza.

"Nataka ajiaibishe mwenyewe. Wewe utamwekea vyuma tu."

Aliacha kutafuna. "Mke wangu," alisema, "wewe ukikasirika unatisha, lakini ukipanga unatisha zaidi."

Hata hivyo alimkaribisha. Na Baba, ambaye alikuwa anasubiri kwa hamu kuona mahali vitu vinapotupwa, alikuja na viatu vyake vya kazi na shati lililopigwa pasi.

Jimu ilikuwa inanuka rangi mpya na jasho la zamani. Kulikuwa na vijana wanajitazama kwenye vioo. Baba alipita katikati yao mikono nyuma, akikagua kama mtu anayekadiria ukubwa wa lori litakalohitajika. Kifua akamwekea nondo sakafuni, vyuma huku na huku. Baba akainama, akaishika, akakaza. Mishipa ya shingo ikasimama. Nondo ikabaki pale pale. Akapumua, akakaza tena, nondo haikumjali.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilidhani nitafarijika kwa kuwa mambo yamekwenda nilivyopanga, lakini nilitamani niikimbilie ile nondo niinyanyue mimi. Baba akajinyoosha. Nikamsikiliza atasema imegandia nini, maana sakafu ilikuwa imefagiwa.

Kabla hajasema, kijana mmoja pembeni akanyanyua nondo yake, akaifikisha juu, akaiachia. Ikadunda kwa kishindo, vioo vikatikisika. Baba akageuka upesi.

"Mbona anaitupa?"

"Amemaliza, Baba," Kifua alisema.

"Amemaliza vipi na kitu bado kiko juu?"

Kifua akaigeukia nondo ya yule kijana, ambayo ilikuwa bado inadunda.

"Hebu nipeni mimi," Baba akasema. "Ninyi nyanyueni kwa kuwa mnapenda. Mimi nitashusha."

Vijana wawili wakaipandisha ile nondo iliyomshinda, wakamkabidhi kiunoni. Baba akatanua miguu, akaketi nayo hewani kidogo kidogo. Nondo ikateremka. Ikateremka kwa mwendo wa mtu anayeweka mtoto aliyelala. Ilipogusa sakafu haikutoa sauti. Wakampandishia tena, akashusha tena vilevile. Wakaongeza vyuma, akashusha. Vijana wakaacha vioo vyao wakaja kusimama karibu. Mmoja akaomba ajaribu na yeye, tena mwenye mikono mikubwa. Alianza vizuri, akafika magotini, hapo ikamtoroka ikapiga chini paa! Baba akafumba macho kwa huruma.

"Hilo lilikuwa kabati la mtu," alisema.

Njama yangu ikaenda na maji. Nilitoka na mzee amevimba kichwa, na mume anayejikuna kidevu kwa mawazo.

Jioni ile tulikunywa chai kwa Mama, na Kifua akatuweka darasani. Sijamwona mume wangu akiwa na furaha namna ile tangu aliponunua mizani. Alichukua chupa ya chai iliyojaa.

"Watu wanasema fulani ana nguvu, wameishia hapo," alisema. "Nguvu si kitu kimoja. Kunyanyua mara moja mzigo mzito kuliko yote unayoiweza, hiyo ni nguvu ya namna yake. Kunyanyua kwa ghafla, kama mtu anayeruka mtaro, ni namna nyingine. Kufanya kitu chepesi kutwa nzima bila kuchoka ni nyingine."

"Hiyo ni mimi," Mama akasema.

"Ni wewe, Mama. Halafu kuna kushikilia." Akanyoosha mkono na chupa ikatulia hewani. "Hakuna kinachosogea, lakini msuli unafanya kazi. Na kuna kushusha, msuli unarefuka huku umekaza, unakataa kidogo kidogo. Hiyo ni nguvu tofauti kabisa, na ni kubwa kuliko ya kunyanyua. Kila mtu anaweza kushusha kizito kuliko anachoweza kupandisha, ila lazima auzoeze msuli. Msuli unajua kile ulichoufundisha. Sisi jimu tunafundisha kupanda, basi. Tukifika juu tunatupa."

"Nimeliona hilo," Baba alisema.

"Sasa mtu anapoongezeka umri, ile ya ghafla ndiyo inayoaga kwanza."

"Nani kaongezeka umri?"

"Watu, Baba. Kwa ujumla."

"Ahaa. Hao watu."

"Ile ya kunyanyua nayo inapungua. Lakini ya kushusha inakawia kuondoka. Na wewe umeshusha vitu kwenye ngazi maisha yako yote. Mimi sijapata kuona miguu kama yako."

Baba alitazama miguu yake kwa heshima mpya. Halafu akauliza, bila kumtazama mtu, "Na hiyo ya kunyanyua ikishapungua, ndiyo basi?"

Hakuna aliyesema jokofu, lakini lilikuwepo pale mezani pamoja nasi.

"Hapana," Kifua alisema. "Hairudi yote. Lakini ukiifanyia mazoezi inaongezeka hata kwa mtu wa umri wowote. Nitakufundisha, na wewe unifundishe kushusha."

Hapo ndipo ulipoanza mchezo uliotupa kicheko wiki nyingi. Kila jioni Kifua alimkalisha Baba kwenye kigoda kifupi, akamwambia asimame kwa haraka bila kushika popote, kisha aketi, kisha asimame. Baba alichukia. Alisema kusimama amejifunza akiwa mtoto na hajasahau. Alifanya shingo upande, huku Mama akimhesabia kwa sauti, na Mama alikuwa akifika katikati anarudia namba makusudi. Baadaye wakamfunga mfuko wa mchanga kifuani, akawa anaruka juu nao kutoka kwenye kigoda, na majirani wakaanza kupitapita dirishani.

Upande wa pili, Kifua alijifundisha kushusha. Siku ya kwanza alishusha kila kilichokuwepo kwa saa nzima, akarudi nyumbani anaimba. Alisema ni rahisi, hata hajachoka. Kesho yake asubuhi nilisikia kishindo na neno "mamaa!" Alikuwa amejaribu kuketi kwenye kiti. Mapaja yalikuwa yamemgeuka mawe. Aliteremka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume, ameshika ukuta, na mtu wa maziwa akamuuliza kama amepata ajali.

"Ni kawaida," alinieleza huku anauma meno. "Kushusha kunaumiza msuli kuliko kunyanyua, hasa ukiwa mgeni. Siku ya pili ndiyo mbaya zaidi. Ukirudia rudia unazoea."

"Kwa hiyo kesho utakuwa vibaya kuliko leo?"

"Ndiyo."

Nikampigia Baba simu mara moja. Nisingeweza kumnyima raha hiyo. Alikuja kesho yake kabla ya kiamsha kinywa, akaketi mbele ya mkwe wake, akadondosha kijiko chini kwa bahati mbaya, akamwomba amwokotee.

Mazoezi yalisaidia, siwezi kukataa. Baba alianza kuondoka kwenye kochi la chini bila kujisukuma kwa mikono. Lakini siku moja alipodhani simwoni nilimkuta gereji, ameinama mbele ya jenereta letu kuukuu. Alilinyanyua kidogo, upana wa vidole, kisha likarudi. Akabaki ameinama. Nikarudi nyuma kimyakimya.

Nikakata shauri. Tulikuwa na kazi ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyekuwa anahama kutoka ghorofa ya nne, nyumba ya zamani, lifti imebandikwa karatasi ya "mbovu" ambayo yenyewe imeshakuwa ya manjano. Hiyo ingekuwa kazi ya mwisho ya Baba. Mazoezi ni mazoezi, na ngazi ni ngazi. Asubuhi ile niliyarudia maneno yangu mbele ya kioo cha lori: Baba, umefanya kazi kubwa. Baba, sasa ni zamu yetu. Kila nikifika "sasa ni zamu yetu" nilianza upya.

Mwalimu Mkuu alitupokea mlangoni, akatupanga mstari kabla hajatambua kwamba sisi si wanafunzi. Kila kitu kilikuwa kimefungwa vizuri isipokuwa kabati moja la vioo, refu, la mbao nzito. Halikuwa linafunguka vipande. Marehemu mume wake alilitengeneza kwa mkono wake, na marehemu hakuamini skrubu, alilibandika lote kwa gundi.

"Hili alinitengenezea tulipopata mtoto wa kwanza," alisema. "Likikwaruzika nitajua, hata mkilifuta."

Tuliondoa vioo na droo. Kifua, aliyeomba ruhusa jimu siku ile, akaingia upande wa chini, akapiga magoti, akalipandisha kabati lote kama si kitu, na Baba akajiingiza chini yake na mkanda wake. "Nimepata," Baba akasema. Kifua akatoka, akachukua droo, akatangulia nazo. Mjomba akashika juu. Mimi nikashuka mbele yao nikirudi nyuma, kuangalia kuta.

Kwenye ngazi sisi tuna utaratibu wetu. Wa juu ndiye anayeongea, kwa sababu anaona. Wa chini hasemi neno, pumzi yake ina kazi nyingine. Mjomba amependa utaratibu huo maisha yake yote. "Kushoto kidogo, shemeji. Teremka. Teremka. Hapo kuna ngazi imevunjika mdomo, iruke. Jana nilimwona yule fundi wa saa, kumbe kaoa tena. Teremka."

Baba aliteremka. Nilikuwa nimetazama magoti yake ghorofa nzima, nikisubiri yatetemeke, na hayakutetemeka. Katikati ya ngazi Mwalimu Mkuu akakumbuka kwamba hajafunga dirisha la choo, akatuamuru tusimame pale pale mpaka arudi, maana anataka kuona kwa macho yake. Tukasimama. Mjomba akaegemeza upande wake kwenye ukingo, akaendelea na habari za fundi wa saa. Baba alikuwa na kabati lote juu ya mkanda, na alisimama nalo hadi yule mama aliporudi akiwa pia amenawa mikono, akatupita ubavuni kwenda kusimama nyuma yangu. Nilimwona mtu ambaye kwa kushikilia hana mwenzake, na nikajisikia vibaya kwa maneno niliyoyaandaa.

Kisha tukafika kwenye kona ya ghorofa ya pili. Kona ile ilikuwa finyu. Kabati lisingepita bila kuinuliwa, miguu yake ivuke juu ya mkono wa ngazi. Zamani Baba alikuwa anavusha vitu namna hiyo peke yake, kwa pumzi moja, huku Mjomba akisema "hewala".

"Haya shemeji," Mjomba akasema. "Vusha."

Kabati likapanda upana wa vidole. Likarudi.

"Vusha, shemeji."

Likapanda tena, chini ya pale lilipofika mwanzo. Likarudi. Uso wa Baba ulikuwa karibu na wangu, na jasho lilikuwa linamwingia machoni asiweze kulifuta. Alinitazama. Mimi nilijua, na yeye akajua kwamba najua, na nadhani alitambua pia kwamba nilijua tangu lile jokofu. Kuliweka chini hakukuwezekana, ngazi zilikuwa chini ya miguu yake. Angeweza kushikilia tu, na kushikilia nako kuna mwisho.

Mjomba, kwa mapenzi yake yote, akamtupia kamba. "Limenasa, eh? Litakuwa limenasa mahali. Nyumba hizi za zamani."

Ilikuwa rahisi kuishika kamba hiyo. Baba angetikisa kichwa tu, na sote tungesema kweli, limenasa.

"Halijanasa," Baba alisema.

Mjomba akanyamaza. Hakuwa amewahi kumsikia mtu wa chini akisema.

"Mkwe!" Baba akaita, sauti ikagonga kuta hadi chini. "Njoo unyanyue! Mimi sinyanyui tena. Mimi nashikilia!"

Kifua alipanda ngazi mbili mbili, akamtwika droo Mwalimu Mkuu bila kuomba ruhusa, akajipenyeza kando ya Baba. Bega kwa bega hawakuenea vizuri, maana kile kifua kinahitaji chumba chake. Akavuta pumzi. Kabati likapaa. Likavuka juu ya mkono wa ngazi, safi, halijagusa kitu, na nikaona mdomo wa mume wangu unaanza kufunguka kwa ule ukelele wake.

"Usiachie!" tulipiga kelele wote, hata Mwalimu Mkuu.

Akaumeza ukelele. Niliuona unavyompita kooni.

"Siachii," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, nakupa."

"Nipe."

Na Baba akalipokea, akalishusha ghorofa zilizobaki, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kwenye ua. Mwalimu Mkuu alilizunguka kabati kwa miwani na kidole. Hakupata mkwaruzo. Alituambia tumefaulu, ila tulifanya kelele nyingi kwenye korido.

Kifua na Mjomba wakalipandisha kwenye lori. Baba hakuwasogelea. Alikuwa ameketi ukingoni mwa njia, mikono juu ya magoti, na mikono inatetemeka. Maisha yangu yote, mikono ikimtetemeka aliificha mfukoni. Safari hii aliiacha niione. Nikaketi kando yake.

"Asubuhi ulikuwa unaongea na kioo," alisema. "Ulikuwa unanifukuza kazi?"

"Ndiyo, Baba."

"Hm." Akatazama lori. "Niliogopa ukijua utanipeleka kwa mama yako."

"Mama alishakukataa."

Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia kidogo, nikafuta kwa blanketi la vioo. Nilimwambia kwamba nampenda na kwamba alinitia hofu. Alisema kelele za Mjomba ndizo za kutia hofu.

"Kesho tuna nini?" akauliza.

"Familia moja. Wanahamia ghorofa ya tatu."

"Wanahamia. Kwa hiyo ni kupanda."

"Ni kupanda."

Baba alifikiri. Alitazama mikono yake, akaikunja, akaikunjua.

"Basi mwamshe mumeo mapema," alisema. "Mimi niacheni nilale."